Nani Mwingine Alirusha Mwaka Ule?

Chukua namba mbili: 1.12 na 1.74. Ya kwanza ni ya Bob Gibson, mrushaji wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals, msimu wa 1968. Ya pili ni ya Pedro Martínez wa Boston Red Sox, msimu wa 2000. Zote mbili ni ERA, yaani mikimbio (ndiyo pointi za besiboli) anayobebeshwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, kwa kila iningi 9 alizorusha (iningi ni kipindi, na mechi ya kawaida ina 9), baada ya kuondoa ile iliyoletwa na makosa ya wenzake uwanjani. Inavyozidi kuwa ndogo ndivyo mrushaji alivyo mkali. Anayepitisha macho haraka kwenye jedwali atasema Gibson kamzidi Martínez, mjadala umekwisha. Mimi nasema kila walipopanda kwenye kilima cha kurushia, Martínez ndiye aliyetisha zaidi. Ushahidi wangu sitautoa kwenye rekodi zao wenyewe. Nitautoa kwenye rekodi za watu wengine waliocheza miaka hiyo.

Mwaka 1968 wapigaji wa besiboli Marekani walikuwa hoi. Carl Yastrzemski alishika nafasi ya kwanza kwa upigaji katika Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili kubwa pamoja na Ligi ya Taifa, akiwa na wastani wa .301, yaani alipiga mpira na kufika beisi salama kama mara 30 kwa kila majaribio 100, kiwango ambacho miaka mingine kisingemfikisha hata karibu na kilele. Mrushaji Denny McLain aliandikiwa ushindi wa mechi 31. Katika Ligi ya Taifa, alikokuwa Gibson, wastani wa ERA wa warushaji wote ulikuwa 2.99. Mambo yaliharibika kwa wapigaji kiasi kwamba wakubwa wa mchezo walibadili kanuni: kuanzia 1969 kilima kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10, na eneo la straiki, pale mpira unapopita ukahesabiwa dhidi ya mpigaji, likapunguzwa. Gibson yuleyule, mwaka huohuo wa 1969, ERA yake ikawa 2.18. Bado alikuwa moto, lakini alikuwa anapigana vita nyingine.

Sasa ruka hadi 2000. Viwanja vilikuwa vidogo, wapigaji wakubwa wa miili, na homurani, mipira inayopigwa hadi nje ya uwanja, zilitoka kama mvua. Wastani wa ERA katika Ligi ya Marekani ulikuwa 4.91. Ndani ya kimbunga hicho Martínez alirusha iningi 217 kwa ERA ya 1.74. Aliyemfuata kwenye ligi nzima ni Roger Clemens, naye alikuwa na 3.70. Soma tena hapo. Kati ya wa kwanza na wa pili kulikuwa na karibu mikimbio 2 kwa kila iningi 9, na huyo wa pili si mtu wa kubahatisha. Ni Clemens, mmoja wa warushaji wakali wa enzi yake.

Ndiyo maana wachambuzi walibuni kipimo kinachoitwa ERA+. Unachukua wastani wa ERA wa ligi ya mwaka ule, unaugawa kwa ERA ya mrushaji, unazidisha kwa 100, kisha unarekebisha kidogo kwa ajili ya uwanja wake wa nyumbani. Mtu wa wastani anapata 100. Gibson wa 1968 anapata 258, Martínez wa 2000 anapata 291. Tangu mwaka 1900, katika ligi hizo mbili kubwa, hakuna mrushaji aliyecheza msimu mzima akaifikia hiyo 291.

Marekebisho ya uwanja si jambo la kupuuza. Dodger Stadium ilipofunguliwa Los Angeles mwaka 1962, Sandy Koufax, mrushaji wa Dodgers, alianza mfululizo wake wa kuongoza ligi kwa ERA miaka mitano. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Ila mwaka 1964 ERA yake nyumbani ilikuwa 0.85 na ugenini 2.93. Mtu mmoja, mkono mmoja, msimu mmoja. Kwa upande wa pili kuna Coors Field ya Denver, iliyojengwa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, mpira unaopigwa huenda mbali zaidi, na ule unaorushwa ili upinde hupinda kwa uvivu. Ubaldo Jiménez alipomaliza msimu wa 2010 akiwa na ERA ya 2.88 katika jezi ya Colorado, alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko wengi waliopata namba ndogo kuliko hiyo kwenye miji ya pwani.

Hadi hapa wengi tunakubaliana. Tunaanza kuachana njia pale watu wanapoigeuza ERA+ kuwa hukumu ya mwisho, kana kwamba ukishaitaja basi kesi imefungwa. Kipimo hiki kina tabia zake, na asiyezijua anadanganywa na namba sahihi.

Tabia ya kwanza ni hesabu tupu. ERA+ ya 150 haimaanishi kwamba mrushaji aliruhusu mikimbio pungufu kwa asilimia 50. Maana yake ni kwamba ligi iliruhusu asilimia 50 zaidi yake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Tuseme wastani wa ligi ni 4.50. Mwenye 150 ana ERA ya 3.00, mwenye 200 ana 2.25, na mwenye 300 ana 1.50. Kutoka 100 hadi 150 umeokoa mkimbio mmoja na nusu kwa kila iningi 9. Kutoka 200 hadi 300, hatua inayoonekana kuwa ndefu mara mbili, umeokoa robo tatu tu ya mkimbio. Kwa hiyo anayesema mwenye 200 ni bora kwa mwenye 150 kama huyo alivyo bora kwa mwenye 100, anapiga hesabu ya macho.

Tabia ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inawaonea watu. Ni hii dhana kwamba 100 ni sifuri, kwamba aliye kwenye wastani hana thamani na aliye chini yake ni mzigo. Hebu tujiulize wastani wa ligi unatoka wapi. Unajumlisha mikimbio yote na iningi zote. Mrushaji aliyerusha iningi 200 ana uzito mara 10 ya yule aliyerusha 20. Na nani hupewa iningi 200? Mzuri. Dhaifu huitwa kutoka ligi ndogo, hupigwa vibaya wiki mbili, kisha hurudishwa. Matokeo yake wastani unavutwa kuelekea kwa walio bora, na ukiwapanga warushaji wote wa msimu kwenye mstari kwa hesabu ya vichwa, walio chini ya 100 watakuwa wengi kuliko walio juu yake. Kukaa katikati ya ligi hiyo ni kukaa mahali pa juu.

Livan Hernández ni mfano wangu nikiongea na wanaodharau wastani. Alitoroka Cuba mwaka 1995, akawa mchezaji bora wa fainali za 1997 akiwa na Florida Marlins, kisha akarusha na kurusha. Misimu 17, iningi 3,189, ERA ya 4.44, ERA+ ya 95. Kwa kipimo cha wastani ni hasara: nikifanya hesabu ya haraka, aliruhusu mikimbio kama 79 zaidi ya ambayo mrushaji wa wastani angeruhusu kwa iningi zilezile. Lakini makocha waliomtuma kilimani mwaka baada ya mwaka hawakuwa vipofu. Mwaka 2003, 2004 na 2005 aliongoza Ligi ya Taifa kwa wingi wa iningi. Asingekuwepo, nafasi ile isingejazwa na mtu wa wastani, maana watu wa wastani hawakai bila kazi wakisubiri kuitwa. Ingejazwa na yule kijana wa wiki mbili. Mikimbio 79 iliyogawanywa kwa misimu 17 haifiki hata 5 kwa msimu, na kwa bei hiyo timu ilipata uhakika kwamba kila siku ya tano kuna mtu atasimama kilimani na kukaa pale hadi jioni.

Hapo ndipo swali la maisha yote ya mrushaji linapokuja, nalo haliwezi kujibiwa na ERA+ peke yake. ERA+ inakwambia mtu alikuwa umbali gani kutoka kwenye wastani. Haikwambii alikaa huko kwa muda gani. Koufax ana ERA+ ya 131 kwa maisha yake yote. Greg Maddux ana 132. Ukiishia hapo utadhani ni mapacha. Koufax alirusha iningi 2,324 na kidogo, akastaafu baada ya msimu wa 1966 akiwa na umri wa miaka 30 kwa sababu kiwiko kilikuwa kimeharibika. Maddux alirusha 5,008 na kidogo. Na hata hiyo 131 ya Koufax ni mchanganyiko wa watu wawili: kijana wa 1955 hadi 1960 aliyeshinda mechi 36 na kupoteza 40 kwa ERA ya 4.10, na jitu la miaka sita iliyofuata lililoshinda 129 na kupoteza 47. Hakuna msimu hata mmoja ambao Koufax alikuwa mrushaji wa 131 kwa maana ambayo namba hiyo inaitoa.

Njia rahisi ya kuunganisha umbali na muda ni hii, na mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuifanya. Zidisha ERA ya mrushaji kwa ERA+ yake, gawa kwa 100, utapata wastani wa ligi uliokwisha kurekebishwa kwa uwanja. Toa ERA yake. Kilichobaki zidisha kwa iningi zake, gawa kwa 9. Unapata mikimbio aliyoiokoa ukimlinganisha na mtu wa wastani. Ni hesabu ya jikoni, haina makeke, lakini inafichua mengi.

Kwa njia hiyo Walter Johnson, aliyerusha iningi 5,914 kwa ERA ya 2.17 na ERA+ ya 147, anafika mikimbio 670 hivi. Maddux anafika kama 563. Martínez, mwenye ERA+ ya 154 lakini iningi 2,827 tu, anapata 497, na kuwakaribia hivyo kwa nusu ya kazi ni jambo la kutisha. Bert Blyleven, aliyesubiri hadi mwaka wa 14 wa kupigiwa kura ndipo akaingia Ukumbi wa Umaarufu, panapoenziwa magwiji wa besiboli, mwaka 2011, ana 329.

Halafu kuna Nolan Ryan. Huyu anapendwa, na ana haki ya kupendwa: aliwatoa wapigaji 5,714 kwa straiki tatu, rekodi ambayo sidhani kama tutaiona ikivunjwa, na mara saba alimaliza mechi bila kumruhusu mpinzani hata kipigo kimoja salama. Mwaka 1987, akiwa Houston, aliongoza Ligi ya Taifa kwa ERA ya 2.76 na bado akapoteza mechi 16 na kushinda 8, jambo linalokuonyesha ushindi na upotezaji wa mrushaji ni ushahidi wa aina gani. (Miaka miwili baadaye Storm Davis alishinda mechi 19 akiwa Oakland kwa ERA ya 4.36, mbaya kuliko wastani wa ligi yake. Timu yake ilikuwa inafunga.) Lakini Ryan pia aliwapa wapigaji 2,795 beisi ya bure, na hiyo nayo ni rekodi. ERA+ yake ni 112. Kwa iningi 5,386 alizorusha, aliokoa mikimbio kama 229. Koufax, kwa iningi chini ya nusu ya hizo, aliokoa 221. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Ryan kilijaa hivyohivyo, kidogokidogo kwa miaka 27, huku watu wakikumbuka ngurumo tu.

Wapo watakaosema mikimbio ya Koufax ina thamani kubwa zaidi, na wana hoja. Timu zikifunga kidogo, kila mkimbio unaookolewa unanunua sehemu kubwa zaidi ya ushindi. Hoja hiyohiyo inanirudia mimi mwenyewe kwenye kesi niliyoanza nayo. Kwa hesabu ya jikoni Martínez wa 2000 aliokoa mikimbio kama 80, Gibson wa 1968 kama 60. Lakini timu katika ligi ya Gibson zilikuwa zikifunga chini ya mikimbio mitatu na nusu kwa mechi, na katika ligi ya Martínez zaidi ya mitano. Ukiigeuza mikimbio hiyo kuwa mechi zilizoshindwa, pengo karibu linafutika, kwa sababu Gibson alirusha iningi 88 zaidi katika ligi ambayo kila mkimbio ulikuwa dhahabu. Ukiniuliza nani alikuwa mgumu zaidi kupigwa, nitasema Martínez hata usiku wa manane. Ukiniuliza ni msimu wa nani uliisaidia timu zaidi, nitaomba muda.

Na bado Martínez mwenyewe ana fumbo. Mwaka 1999 ERA yake ilikuwa 2.07, mbaya kuliko ile ya 2000, na ERA+ yake ilikuwa 243. Lakini mwaka huo aliwatoa wapigaji 313 kwa straiki tatu, akaruhusu homurani 9. Mwaka 2000 aliwatoa 284, akaruhusu homurani 17. Kwa mambo anayoyamiliki mrushaji bila msaada wa mtu, 1999 ndio ulikuwa mkali. Tofauti ilikuwa kwenye mipira iliyopigwa ikabaki ndani ya uwanja: mwaka 1999 karibu theluthi moja iligeuka kuwa vipigo salama, mwaka 2000 chini ya robo. Mchambuzi Voros McCracken alishtua watu mwanzoni mwa karne hii alipoonyesha kwamba warushaji wana mamlaka madogo sana juu ya mipira ya namna hiyo, na kwamba sehemu kubwa ni kazi ya walinzi wa uwanja na bahati. Hivyo msimu unaotajwa kuwa bora katika historia huenda haukuwa hata msimu bora wa mtu huyohuyo. ERA+ haina jicho la kuona hilo. Inalinganisha matokeo na matokeo, basi.

Warushaji wa akiba, wanaoingia mechi ikiendelea kumpokea aliyeanza, nao wanavuruga mizani kwa njia yao. Mariano Rivera ana ERA+ ya 205 kwa iningi 1,283 na kidogo, na kwa hesabu yetu aliokoa mikimbio kama 331, sawasawa na Blyleven aliyerusha 4,970. Lakini anayeingia kufunga mechi hutupa nguvu zake zote kwa iningi moja, na wapigaji hawapati nafasi ya kumwona mara ya pili na ya tatu usiku uleule. Mwaka 1995, kabla hajawa mfungaji wa mechi, Rivera alianza mechi 10 na akamaliza msimu na ERA ya 5.51. Wastani wa ligi unawachanganya wa kuanza na wa akiba kwenye chungu kimoja, kwa hiyo unamwonea huruma wa akiba na kumbana anayeanza. Simwondolei Rivera chochote. Iningi alizorusha zilikuwa zile za mwisho, mechi ikiwa kwenye kisu. Ila sitamweka kwenye mstari mmoja na Blyleven kisha nikasema wamelingana.

Yote haya yangebaki kuwa burudani ya wapenda namba kama hayangeamua jambo lolote. Lakini yanaamua. Mwaka 2018 Ukumbi wa Umaarufu pale Cooperstown ulimpokea Jack Morris. Waandishi walikuwa wamemkatalia miaka 15, akaja kupitishwa na kamati. Morris alishinda mechi 254, na mechi ya saba ya fainali za 1991 alirusha iningi 10 bila kuruhusu mkimbio, usiku ambao hakuna aliyeutazama atausahau. ERA yake ya maisha ni 3.90, ERA+ ni 105, iningi 3,824. Hesabu yetu inampa mikimbio kama 83 juu ya wastani.

Mwaka huohuo Johan Santana aliwekwa mbele ya waandishi kwa mara ya kwanza. Tuzo mbili za Cy Young, ile ya mrushaji bora wa msimu, mwaka 2004 na 2006. ERA ya 3.20, ERA+ ya 136, iningi 2,025 kabla bega halijamwangusha. Mikimbio aliyookoa ni kama 259, zaidi ya Ryan, zaidi ya Koufax, mara tatu ya Morris. Ili jina libaki kwenye orodha ya mwaka unaofuata, linahitaji asilimia 5 ya kura. Santana alipata 2.4, akaondolewa. Mechi alizoshinda ni 139, na nadhani wengi hawakusoma zaidi ya hapo.